Mfalme Aliyejifunza Kuomba Ruhusa

Maneno tuliyoyatoa katika mkutano wa wajumbe wa kambi, wazee wa mitaa na jamaa za wahami wa vita

Tunajua kwamba saa hizi wengi wenu mngekuwa kwenye kibarua, au mngekuwa njiani mkitafuta kuni na maji. Asanteni kwa kuja kukaa nasi.

Katika vikundi vya mazungumzo tumesikia maneno matatu yakirudi kila mara. Vijana husema kwamba kiongozi mbaya haondoki kwa maneno, anaondoka kwa bunduki. Baadhi ya wazee husema kwamba bunge ni jambo la wazungu, sisi tumezoea mwami na wazee wake. Nao mama husema kwamba haidhuru atawale nani, kwa sababu kila anayekuja anadai: kwenye bariyeri utalipa, sokoni utalipa, hata ukienda kuchimba mihogo uliyoipanda mwenyewe utalipa.

Maneno hayo ni mazito na hatukuja kuyajibu kwa mahubiri. Tumeona afadhali tuwasimulie safari ya nchi moja, Uingereza, ambayo zamani ilitawaliwa na wafalme wenye nguvu nyingi. Leo nchi hiyo bado ina mfalme, Charles wa Tatu, aliyerithi kiti mwezi wa Septemba 2022. Lakini mfalme huyo hawezi kumtoza mtu kodi kwa amri yake, wala kumfunga mtu, wala kutunga sheria peke yake. Serikali inaongozwa na waziri mkuu, naye hukaa madarakani maadamu bunge linamkubali.

Badiliko hilo lilichukua zaidi ya miaka 700, na damu nyingi ilimwagika njiani. Hatuwaletei Uingereza kama nchi ya malaika, na mtasikia makosa yake pia. Tunaileta kwa sababu ndani ya safari yake kuna majibu kwa maneno yenu matatu.

Mfalme mwenye deni la vita

Tuanze na Mfalme John, aliyetawala kuanzia 1199 hadi 1216. Mfalme huyo alipigana vita huko Ufaransa, na mwaka wa 1204 akapoteza nchi ya Normandy iliyokuwa ya baba zake. Ili kuirudisha alihitaji pesa za kulipa askari. Basi akatoza kodi juu ya kodi, akawafunga watu bila hukumu, akanyang'anya mali za waliochelewa kulipa. Mwaka wa 1214 upande wake ukashindwa tena vitani, na pesa zote zikawa zimepotea bure.

Mabwana wakubwa wenye ardhi wakachoka. Mwezi wa Mei 1215 waliingia London, na mwezi wa Juni wakakutana na mfalme kwenye uwanda unaoitwa Runnymede, kando ya mto Thames. Hapo mfalme akakubali hati ambayo baadaye iliitwa Magna Carta, maana yake Hati Kuu.

Hati hiyo haikuwa na maneno mengi ya juu kuhusu uhuru. Ilisema mambo ambayo ninyi mngeyaelewa bila kufafanuliwa. Ilisema kwamba kodi za namna fulani zisitozwe bila shauri la pamoja la nchi. Ilisema kwamba mtu huru asikamatwe wala asinyang'anywe mali yake, isipokuwa kwa hukumu halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Ilisema kwamba wakubwa wa mfalme wasichukue nafaka ya mtu bila kuilipa papo hapo, isipokuwa mwenyewe akubali kungoja. Ilisema pia kwamba mjane asilazimishwe kuolewa tena.

Angalieni vizuri. Miaka zaidi ya 800 iliyopita, watu walikuwa wanagombana na mtawala juu ya gunia la nafaka lililochukuliwa na wenye silaha. Jambo hilo si la wazungu tu. Kila mkulima wa dunia hii analijua.

Karatasi iliyosomwa mara nyingi

Je, hati hiyo ilifaa? Mwanzoni, hapana. Baada ya majuma machache tu mfalme aliikana, naye Papa Innocent wa Tatu akaitangaza kuwa si kitu. Vita vikaanza tena. Mfalme John akafariki mwezi wa Oktoba 1216 nchi ikiwa bado inapigana.

Hapo ndipo tunaona jambo la kwanza la kujifunza. Waingereza hawakusema, "Karatasi imeshindwa, tuiache." Waliiandika tena mwaka wa 1216 na tena mwaka wa 1217. Mwaka huo wa 1217 ikaongezwa hati nyingine juu ya misitu, kwa sababu wafalme walikuwa wamejitwalia misitu mikubwa na kuwaadhibu vikali waliowinda humo. Mwaka wa 1225 mfalme kijana, Henry wa Tatu, alihitaji pesa. Watu wakamwambia: thibitisha hati kwanza, nasi tutakupa. Akaithibitisha, nao wakampa sehemu moja ya 15 ya mali zao zinazohamishika.

Mwaka wa 1297 mfalme mwingine, Edward wa Kwanza, alibanwa na gharama za vita, akalazimika kuithibitisha hati ile tena. Safari hii ikaamriwa kwamba nakala zake zipelekwe kwenye makanisa makuu na zisomwe mbele ya watu mara mbili kwa mwaka. Fikirini jambo hilo. Watu wengi wa wakati ule hawakujua kusoma. Lakini waliosikia walijua mfalme ameahidi nini, na anayejua ahadi anaweza kuidai.

Hiyo ndiyo siri ya safari yote. Kila mfalme alihitaji pesa, na kila alipohitaji pesa watu walimwomba kitu. Hawakuomba pesa zirudishwe tu. Waliomba haki ya kuulizwa kabla ya kutozwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Bunge linazaliwa

Mwanzoni waliokuwa wakiulizwa ni mabwana wakubwa na maaskofu tu. Mwezi wa Januari 1265 bwana mmoja aliyemwasi mfalme, Simon de Montfort, aliita mkutano wa namna mpya. Aliagiza kila jimbo lilete wajumbe wawili, na miji mingine ilete wajumbe wawili wawili. Miezi michache baadaye, mwezi wa Agosti, Simon aliuawa vitani na watu wa mfalme.

Mngedhani mkutano wa namna ile ulikufa pamoja naye. Lakini mwaka wa 1295 Edward wa Kwanza, yule yule aliyeliongoza jeshi lililomuua Simon, aliita wajumbe wa majimbo na wa miji kwa namna iliyofanana na ile. Kwa nini alifuata njia ya adui yake? Kwa sababu alitambua kwamba kodi iliyokubaliwa inalipwa kwa urahisi kuliko kodi ya kunyang'anya. Viongozi mlio hapa, jambo hilo mnalijua kutokana na salongo: kazi ambayo watu waliulizwa wanakuja kuifanya, kazi ya kuamriwa wanajificha.

Katika miaka ya 1300 wajumbe wa majimbo na miji walianza kukaa chumba chao, mbali na mabwana wakubwa. Ndivyo yalivyotokea mabaraza mawili: Baraza la Mabwana na Baraza la Watu wa Kawaida, ambalo Waingereza huliita Commons. Mwaka wa 1376 msemaji wa Commons, Peter de la Mare, alisimama na kuwashtaki watu wa karibu na mfalme kwamba wamekula pesa za nchi. Akafungwa gerezani kwa ajili ya maneno hayo, na mwaka uliofuata akaachiliwa. Aliyemfunga alidhani amenyamazisha neno. Kumbe desturi ilikuwa imekwisha kuanza: bunge linalotoa pesa lina haki ya kuuliza zilikokwenda.

Bunduki ilipochukua nafasi ya mfalme

Sasa tufike kwenye neno la vijana, kwamba mbaya anaondolewa kwa bunduki. Waingereza walijaribu njia hiyo, na tunaomba msikie ilivyokwenda.

Mfalme Charles wa Kwanza alirithi kiti mwaka wa 1625. Alitaka kutawala bila kuulizwa na mtu. Mwaka wa 1628 bunge lilimpelekea Ombi la Haki lenye mambo manne: asitoze kodi bila bunge, asimfunge mtu bila kutaja kosa, asiweke askari kulala na kula katika nyumba za raia kwa nguvu, na asiwahukumu raia kwa sheria za kijeshi wakati wa amani. Mama zetu mliowahi kupikia wenye silaha kuku wenu wa mwisho, mnajua kwa nini jambo lile la tatu liliandikwa.

Mfalme alikubali kwa mdomo, kisha kuanzia 1629 hadi 1640 akatawala bila kuita bunge hata mara moja. Pesa zilipomwishia akalazimika kuliita tena, na ugomvi ukawaka. Tarehe 4 Januari 1642 aliingia bungeni na askari ili awakamate wajumbe watano. Walikuwa wamekwisha kukimbia. Mfalme alimwuliza spika, William Lenthall, wako wapi. Spika alipiga magoti, akajibu kwamba mahali pale yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kwa amri ya baraza analolitumikia. Mfalme akatoka mikono mitupu. Mpaka leo, siku mfalme anapofungua kikao cha bunge, mjumbe wake hufungiwa mlango wa Commons usoni, abishe kwanza ndipo afunguliwe. Ni ukumbusho wa siku ile.

Mwaka ule ule wa 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Upande wa bunge ukashinda, na tarehe 30 Januari 1649 mfalme akakatwa kichwa. Sasa, ndugu zetu, bunduki ilikuwa imeshinda na mfalme hakuwapo. Je, bunge lilitawala?

La. Hata kabla mfalme hajauawa, mwezi wa Desemba 1648, askari walisimama mlangoni mwa bunge na kuwazuia wajumbe wasiowapenda wasiingie. Mwezi wa Aprili 1653 mkuu wa jeshi, Oliver Cromwell, aliwafukuza kwa askari wajumbe waliobaki. Mwezi wa Desemba akawa mtawala wa nchi kwa jina la Bwana Mlinzi. Mwaka wa 1655 aliigawa nchi mikononi mwa majenerali, na kodi ikatozwa juu ya watu wa upande ulioshindwa bila bunge kuikubali. Yaani jambo lile lile ambalo watu walimpigania mfalme, jeshi la bunge lenyewe likalifanya.

Huko Ireland mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka wa 1649 jeshi la Cromwell liliua watu wengi katika miji ya Drogheda na Wexford. Baadaye wenye ardhi Wakatoliki walinyang'anywa mashamba yao, na wengi wakapelekwa magharibi katika jimbo la Connacht. Wakawa wahami, kama ninyi.

Cromwell akafariki mwaka wa 1658. Mwanawe akashindwa kutawala, na mwaka wa 1660 nchi ikamrudisha mwana wa mfalme aliyeuawa, akaitwa Charles wa Pili. Miaka 18 tangu vita vianze, watu walikuwa wamerudi kwa mfalme.

Hatusemi kwamba vita vile havikubadilisha kitu. Baada ya 1649 kila mfalme alijua mwenzake alivyokwisha. Lakini vita peke yake havikuwapa watu utawala waliouomba. Aliyeshinda kwa bunduki alitawala kwa bunduki, kwa sababu hakuwa na haja ya kumwomba mtu ruhusa.

Kupoteza kiti bila kupoteza kichwa

Kazi ya karatasi ikaendelea. Mwaka wa 1679 bunge lilipitisha sheria ya kumlazimisha mlinzi wa gereza amlete mfungwa mbele ya hakimu na kueleza sababu ya kumfunga. Mwaka wa 1688 mfalme mwingine, James wa Pili, alipotaka kuzipita sheria na kujenga jeshi lake bila ridhaa ya bunge, wakubwa wa nchi walimwita mkwe wake, William wa Orange, kutoka Uholanzi. William alikuja na jeshi, James akakimbilia Ufaransa. Katika Uingereza yenyewe damu haikuwa nyingi, lakini Ireland iliona tena vita vikali.

Kilicho muhimu ni kwamba safari hii hawakumpa mshindi nchi mikono mitupu. Mwaka wa 1689 William na mkewe Mary walipopewa kiti walisomewa masharti, na mwaka ule ule masharti hayo yakawa Sheria ya Haki: mfalme hawezi kusimamisha sheria, hawezi kutoza pesa bila bunge, hawezi kuweka jeshi wakati wa amani bila ridhaa ya bunge, uchaguzi uwe huru, mjumbe asishtakiwe mahakamani kwa maneno aliyoyasema bungeni. Sheria ya jeshi nayo ilitolewa kwa muda mfupi tu, ikabidi mfalme arudi kuiomba tena. Tangu mwaka huo wa 1689 bunge la Uingereza limekutana kila mwaka. Mwaka wa 1701 ikaongezwa sheria kwamba waamuzi wasifukuzwe kazi kwa kupenda kwa mfalme.

Mwaka wa 1708 Malkia Anne alikataa kutia sahihi sheria moja iliyopitishwa na bunge. Hiyo ndiyo mara ya mwisho mtawala wa Uingereza kufanya hivyo. Baada yake, mwaka wa 1714, alikuja mfalme Mjerumani, George wa Kwanza, aliyejua Kiingereza kidogo. Kazi za serikali zikazidi kuwa mikononi mwa mawaziri. Robert Walpole, aliyeshika kazi mwaka wa 1721, ndiye anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza.

Hapa tunaomba mlinganishe watu wawili. Mwaka wa 1641 mtumishi mkuu wa mfalme, bwana Strafford, alikataliwa na bunge, akakatwa kichwa. Mwaka wa 1742 Walpole alikataliwa na bunge, akajiuzulu, akapewa cheo cha heshima, akarudi nyumbani kwake, na akafa kwa ugonjwa mwaka wa 1745. Kati ya watu hao wawili ni miaka 101. Kama mtu akituuliza bunge lina faida gani, tutamwonyesha jambo hilo. Bunge ni mahali ambapo mtu anaweza kushindwa na kurudi nyumbani akiwa hai. Mtu asiyeogopa kuuawa akitoka madarakani hana sababu ya kuua ili abaki.

Waliobaki nje ya mlango

Msije mkadhani kwamba mwaka wa 1742 kila Mwingereza alikuwa na sauti. Waliopiga kura walikuwa wanaume wachache wenye mali. Mahali paitwapo Old Sarum palikuwa karibu hapana mtu, na bado palipeleka wajumbe wawili, hali mji mkubwa wa Manchester haukuwa na mjumbe wake hata mmoja. Mwaka wa 1819 watu wa Manchester walikusanyika kwa amani kuomba haki hiyo. Askari wa farasi wakawaingilia, wengine wakafa.

Lakini watu waliendelea kuomba, kuandika na kukusanya sahihi. Mwaka wa 1832 sheria ya uchaguzi ikabadilishwa, Old Sarum ikafutwa, Manchester ikapata wajumbe. Mwaka wa 1867 na wa 1884 wafanyakazi wengi wa kiume wakapewa kura. Mwaka wa 1872 kura ikawa ya siri, ili mwenye shamba asimwadhibu mtu wake kwa kura aliyoipiga. Mwaka wa 1911 Baraza la Mabwana likapunguziwa uwezo wa kuzuia sheria. Wanawake wakapata kura mwaka wa 1918, lakini wale wa miaka 30 na zaidi tu na kwa masharti. Mwaka wa 1928 ndipo walipokuwa sawa na wanaume.

Na bunge hilo hilo lililowalinda watu wake liliiruhusu biashara ya watumwa mpaka mwaka wa 1807, likatawala nchi za watu wengine ambao hawakuwa na kiti ndani yake. Wahenga wamesema, asiyekuwapo na lake halipo. Bunge humlinda yule anayesikika ndani yake.

Mfalme mmoja, nchi mbili

Sasa turudi nyumbani Kongo, kwa maana sisi pia tuna ushuhuda wetu. Wote mmesikia jina la Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Katika Ubelgiji kulikuwa na katiba tangu mwaka wa 1831, na amri yoyote ya mfalme haikuwa na nguvu bila sahihi ya waziri. Leopold hakuweza kuwatoza Wabelgiji kodi kwa kupenda kwake.

Lakini kuanzia mwaka wa 1885 alikuwa pia mtawala wa Kongo, na huku hapakuwa na bunge wala katiba. Alitawala kwa amri zake, naye mwenyewe hakukanyaga nchi hii hata siku moja. Mnajua wazee wetu walivyolazimishwa kutafuta mpira msituni, na mikono iliyokatwa.

Mtu alikuwa yule yule. Moyo wake haukubadilika alipovuka kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Tofauti ilikuwa kwamba kule palikuwa na watu wa kumwuliza, huku hapakuwa na mtu. Mwezi wa Mei 1903 bunge la Uingereza lilijadili mateso ya Kongo. Mwaka wa 1904 ripoti ya balozi mdogo wake, Roger Casement, ikatangazwa. Kelele zikazidi, na mwaka wa 1908 bunge la Ubelgiji likaiondoa Kongo mikononi mwa Leopold. Hata hivyo Wakongo hawakuulizwa. Walingoja mpaka Mei 1960 ndipo wakachagua bunge lao la kwanza.

Kwa hiyo tusiseme, "Tutafute mtu mwema, yote yatakuwa mema." Mtu mwema ni zawadi ya Mungu, lakini hata huyo anahitaji kuulizwa.

Na sisi je?

Wazee wanauliza juu ya mwami. Safari ya Uingereza inaonyesha kwamba si lazima kuvunja kiti cha mfalme ili kujenga bunge. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya mila na kuyapa wajibu wa kukuza umoja wa taifa. Mwami anayewasikiliza wazee wa kila ukoo, na wageni pia, hapunguzi heshima yake. Na siku jamaa zitakaporudi vijijini, mashauri ya mashamba yatamhitaji mwami wa namna hiyo.

Mama wanasema kulipa ni lazima. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 174, inasema kwamba hakuna kodi inayoweza kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Kifungu cha 18 kinasema kwamba anayekamatwa lazima aambiwe sababu, na kwamba asishikwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Ni maneno ya Runnymede, yameandikwa kwa ajili yetu. Hatuwaambii mwende kubishana na mtu mwenye silaha kwenye bariyeri. Uhai wenu kwanza. Tunawaambia mjue maneno hayo, muyasome kwa sauti katika vikundi na makanisani na misikitini, ili mtoto akue akijua kwamba bariyeri ile si desturi ya dunia.

Na yapo mambo ambayo hayahitaji kungoja Kinshasa. Katika kambi moja tuliyoitembelea, jamaa zilikuwa zikitoa mchango kila mwezi kwa ajili ya vyoo na ulinzi wa usiku. Hakuna aliyejua pesa zinakwenda wapi, na manung'uniko yakawa yanaelekea kwenye ugomvi kati ya watu wa vijiji viwili. Mama wa likelemba wakasema: sisi katika kikundi chetu kila senti imeandikwa, na daftari husomwa kabla ya mtu kupokea zamu yake; kwa nini mchango wa vyoo usisomwe? Kamati ilikasirika kwanza. Baadaye ikakubali kusoma daftari mbele ya watu mwisho wa mwezi. Siku ya kwanza ilionekana pesa zilikuwa chache kuliko watu walivyodhani, na nyingi zilikwenda kweli kwenye vyoo. Zile ambazo hazikuelezeka, mhusika alipewa muda wa kuzilipa. Hakufukuzwa kambini, wala nyumba yake haikuchomwa.

Likelemba hiyo ni bunge dogo. Mama wale hawakusoma historia ya Uingereza, lakini wanajua lile alilokataa kulijua Mfalme John: anayetoa ana haki ya kuuliza.

Vijana wetu, mnaoitwa kila siku na makundi yenye silaha kuja "kuleta mabadiliko", tunawaomba mkumbuke askari wa Cromwell. Walipigana kwa ujasiri kwa ajili ya bunge, kisha wakaambiwa wasimame mlangoni kulifunga. Kalamu ya kuandika daftari la kambi, sauti ya kulisoma na subira ya kulisoma tena mwezi ujao, hizo nazo ni kazi za watu wenye nguvu.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Hapa kambini ni michango gani tunayotoa? Nani aliulizwa kabla haijawekwa?

2. Daftari la michango na orodha ya jetoni za msaada vinasomwa mbele ya watu? Vinasomwa lini, na kwa lugha ambayo wote wanaielewa?

3. Katika kamati yetu ni nani wasiokuwa na kiti: wajane, vijana, waliofika mwisho, watu wa kabila lenye jamaa chache? Tutawapaje nafasi?

4. Mjumbe akikosea, tunaweza kumwondoa bila kumwaibisha yeye na watoto wake? Tutafuata hatua gani?

5. Siku ya kurudi kijijini, ni ahadi zipi tungependa mwami na wakubwa wa serikali waziandike na kuzisoma mbele yetu kabla ya kugawa mashamba?

Tunawaomba viongozi wa vikundi waandike majibu na kuyaleta katika mkutano ujao. Tutayasoma yote hadharani, hata yale yanayotulaumu sisi wa mashirika, kwa maana sisi pia tunashika mali ambazo ni zenu.